Skrubu Katika Uti wa Mgongo: Jinsi Usahihi wa Milimita Unavyopatikana na Kupimwa

Fundi seremala anapofunga bawaba kwenye fremu ya mlango, hufanya kazi ambayo machoni pa mpita njia ni ndogo sana. Huweka alama kwa penseli, hutoboa kijitundu kwa keke, kisha huikaza skrubu kwa bisibisi mpaka kichwa chake kilale sawa na ubao. Lakini mwulize fundi huyo ni ubao gani unaomtia mashaka, naye atakujibu kwamba ni ule mwembamba. Katika ubao mnene skrubu ikienda upande kidogo hakuna anayejua. Katika ubao mwembamba hutokeza nje au huupasua. Hata hivyo fundi ana faraja moja: anaweza kuing'oa skrubu, akaliziba tundu kwa kijiti na gundi, akaanza upya.

Daktari mpasuaji wa mifupa hufanya kazi ya namna hiyo hiyo, kwa vifaa vinavyofanana kwa sura na vile vya seremala, lakini faraja hiyo anayo kwa kiasi kidogo mno. Anapotia skrubu katika uti wa mgongo, ubao wake ni mfupa wenye upana wa milimita chache, na upande wa pili wa ukuta wa mfupa huo umelala ugwe wa neva ambao ukikatwa hauungiki tena. Mgonjwa aliyeingia chumba cha upasuaji akiwa na nguvu miguuni anaweza kutoka bila nguvu hizo.

Katika makala hii tutaeleza skrubu hizo hupita wapi, nafasi aliyo nayo daktari ni kiasi gani, na ni njia zipi hutumika ili skrubu ikae mahali pake. Tutaona pia kwamba swali la kama skrubu imekaa sawa halijibiwi kwa kauli ya mtu, hata awe bingwa wa namna gani. Hujibiwa kwa kipimo.

PINGILI NA VIKONYO VYAKE

Uti wa mgongo si mfupa mmoja, bali ni safu ya mifupa midogo iitwayo pingili. Pingili zilizo huru ni 24: 7 za shingo, 12 za kifua na 5 za kiuno. Chini yake zipo nyingine ambazo kwa mtu mzima zimeungana. Karibu kila pingili ina sehemu mbili kubwa. Mbele kuna kipande kinene, mithili ya kipande cha gogo, ambacho hubeba uzito wa mwili. Tukiite kiwiliwili cha pingili. Nyuma kuna tao la mfupa lenye mwiba na mabawa ambako misuli imeshikamana. Mwiba huo ndio unaoweza kuugusa kwa kidole ukipapasa katikati ya mgongo. Baina ya kiwiliwili na tao kuna uwazi, na nyazi za pingili zote zikipangana hufanya mfereji mrefu ambamo ugwe wa mgongo umelala.

Ugwe huo ndio njia kuu ya habari baina ya ubongo na mwili. Kwa mtu mzima ugwe wenyewe hukoma karibu na pingili ya 1 au ya 2 ya kiuno. Chini ya hapo huendelea kama fungu la neva zilizoachana, ambalo wataalamu wa kale walililinganisha na mkia wa farasi.

Sasa, kiwiliwili na tao vimeunganishwa kwa madaraja mawili mafupi ya mfupa, moja kulia na moja kushoto. Wataalamu huliita kila moja pedikeli, neno lenye asili ya Kilatini na maana yake ni mguu mdogo. Sisi tutaliita kikonyo, kwa sababu hulishika tao kama kikonyo kinavyolishika tunda. Kikonyo kimeumbwa mfano wa bua la mhindi lililokauka: nje kina ukuta mgumu, na ndani kina mfupa laini wenye vinyweleo kama sifongo. Ndani ya kikonyo ndimo skrubu hupita, ikianzia nyuma ya mgongo na kuishia katika kiwiliwili cha pingili.

Ni vema msomaji aitazame mipaka ya njia hiyo. Upande wa ndani wa kikonyo ni mfereji wa ugwe. Chini yake, tena karibu sana, hupita neva inayotoka kwenda kwenye mwili. Upande wa nje kuna misuli, na katika sehemu ya kifua kuna mbavu na mapafu. Na mbele ya kiwiliwili, skrubu ikizidi urefu, kuna mishipa mikubwa ya damu, mmojawapo ukiwa aorta. Kwa hiyo kosa la kwenda ndani si sawa na kosa la kwenda nje, ingawa yote mawili yaweza kuwa ya milimita tatu. Jambo hili tulikumbuke, maana tutalirudia.

KWA NINI SKRUBU ITIWE MAHALI PA HATARI HIVYO?

Chuma hakiponyi mfupa. Mfupa hujiponya wenyewe, mradi vipande vyake vitulie kwa muda wa kutosha. Kazi ya chuma ni kuvituliza. Pingili ikivunjika vibaya, au uti ukipinda, ni lazima pingili kadhaa zishikwe pamoja kama jengo linavyoshikwa na jukwaa la miti mpaka saruji ikauke.

Katika miaka ya 1950, Paul Harrington, daktari wa mjini Houston huko Marekani, aliwatibu watoto wengi ambao uti wao ulikuwa umepinda kutokana na ugonjwa wa polio. Alibuni fimbo za chuma zenye kulabu, ambazo zilinasa katika matao ya pingili na kuunyoosha mgongo. Fimbo hizo zilisaidia watu wengi duniani, lakini zilikuwa na upungufu: kulabu hushika sehemu ya nyuma tu ya pingili, nayo hushika katika ncha mbili za fimbo. Hivyo ilibidi pingili nyingi zifungwe ili kuituliza moja iliyovunjika.

Mjini Paris, daktari Raymond Roy-Camille alianza mwaka 1963 kutia skrubu kupitia katika vikonyo na kuzifunga kwa bamba la chuma. Alieleza njia yake kwa maandishi mwaka 1970. Faida ya njia hii inaeleweka kwa urahisi. Skrubu inayopita katika kikonyo huishika pingili nzima, nyuma na mbele, kwa hiyo huweza kuizuia isiiname, isijipinde wala isizunguke. Aidha, pingili chache tu hufungwa, na sehemu nyingine ya mgongo hubaki na unyumbufu wake. Kwa sababu hizo skrubu za vikonyo zilienea hata zikawa ndiyo njia ya kawaida. Pamoja na faida hiyo liliingia swali jipya: je, daktari aliyesimama nyuma ya mgongo atajuaje kwamba skrubu yake imo ndani ya kikonyo ambacho hakioni?

HESABU YA NAFASI

Kabla ya kulijibu swali hilo, tufanye hesabu. Tuseme upana wa kikonyo ni U, na unene wa skrubu ni K. Ikiwa skrubu inapita katikati kabisa, nafasi inayobaki kila upande ni U kutoa K, kisha kugawanya kwa 2. Vipimo vya wastani vya watu wazima ni takriban kama ifuatavyo:

Pingili ya 5 ya kiuno: kikonyo milimita 18, skrubu milimita 7, nafasi kila upande milimita 5.5.

Pingili ya 1 ya kiuno: kikonyo milimita 9, skrubu milimita 6, nafasi kila upande milimita 1.5.

Pingili ya 5 ya kifua: kikonyo milimita 4.5, skrubu milimita 4.5; nafasi kila upande sifuri.

Mstari wa mwisho si kosa la mchapaji. Katikati ya kifua kuna vikonyo vyembamba kiasi kwamba skrubu nyembamba ya kawaida hukijaza kikonyo chote. Hapo madaktari wengine huipitisha skrubu kwa makusudi kandokando ya kikonyo, baina yake na ubavu, ili ikikosea ikosee upande wa nje ulio mbali na ugwe. Tukumbuke pia kwamba hizi ni wastani tu. Mtu mmoja hutofautiana na mwingine, na mwenye uti uliopinda hutofautiana hata kulia kwake na kushoto kwake.

Mpaka hapa tumedhani kwamba kosa la daktari ni la mahali pa kuanzia peke yake. Lakini kuna kosa la pili, nalo ni la pembe. Vikonyo havikunyooka mbele moja kwa moja. Katika pingili ya 1 ya kiuno kikonyo huelekea ndani kwa nyuzi 10 hivi, na katika ya 5 kwa karibu nyuzi 30. Daktari akikosea pembe, skrubu hupotoka zaidi kadiri inavyozama. Wanafunzi wa kidato cha tatu wataitambua kanuni yake: upotofu ni sawa na kina mara tanjenti ya pembe ya kosa. Tuchukue kwamba sehemu nyembamba kabisa ya kikonyo iko milimita 20 kutoka pale skrubu inapoingilia. Tanjenti ya nyuzi 5 ni 0.0875. Zidisha kwa 20, utapata milimita 1.75. Katika pingili ya 1 ya kiuno nafasi ilikuwa milimita 1.5 tu. Kwa hiyo kosa la nyuzi 5, ambalo mwanafunzi hulifanya kila siku akichora kwa haraka, latosha kuutoboa ukuta wa kikonyo hata kama daktari alianza mahali panapofaa kabisa.

Mwaka 2001, Rampersaud na wenzake walichapisha hesabu ya namna hii kwa undani zaidi, wakiziunganisha aina mbili za kosa. Waliona kwamba kosa kubwa linaloruhusiwa katika pingili ya 5 ya kiuno ni milimita 3.8 na nyuzi 12.7. Katika pingili ya 5 ya kifua ni milimita sifuri na nyuzi sifuri.

MKONO UNAOHISI

Njia ya zamani, ambayo hata leo hutumika sana, ni ya mkono mtupu. Isidhaniwe kwamba ni ya kubahatisha. Daktari huufunua mfupa wa nyuma na kutafuta alama ambazo maumbile yameziweka. Katika kiuno, kwa mfano, hutafuta mahali ambapo mstari unaopita katikati ya bawa la pingili hukutana na ukingo wa nje wa kiungo kinachoiunganisha pingili hiyo na ile iliyo juu yake. Hapo huondoa kipande kidogo cha gamba gumu, kisha huingiza chuma butu chenye ncha nyembamba na kukisukuma polepole.

Hapa ndipo mfano wetu wa bua unapofaa. Chuma butu kikiwa ndani ya mfupa wa sifongo, mkono huhisi ukinzani laini usiobadilika. Kikigonga ukuta, ukinzani huongezeka ghafula. Kikiutoboa ukuta, ukinzani hupotea ghafula, kama mtu aliyekanyaga ngazi isiyokuwapo. Daktari aliyefunzwa vizuri huzisikia tofauti hizo kwa vidole. Baadaye huingiza waya mwembamba wenye ncha ya mviringo, naye hupapasa kuta nne za tundu na sakafu yake, moja baada ya nyingine. Zikiwa zote nzima, hukata hesi kwa kifaa maalumu, hupapasa tena, ndipo huikaza skrubu.

Njia hii yaweza kuleta matokeo mazuri sana mikononi mwa wazoefu. Mwaka 2004, Kim, Lenke na wenzao huko Marekani walitoa taarifa ya skrubu 3,204 zilizotiwa katika sehemu ya kifua kwa mkono mtupu, kwa wagonjwa 394. Katika skrubu 577 zilizochunguzwa kwa picha za kompyuta, 36 zilikuwa zimetoboa ukuta kwa kiasi cha kutajwa, yaani asilimia 6.2. Hakuna mgonjwa aliyepata madhara ya neva kutokana na skrubu hizo. Lakini uzoefu wa namna hiyo hauazimwi. Kila daktari hana budi kuujenga upya, na wagonjwa wake wa kwanza hawapaswi kuwa ada ya mafunzo.

KIVULI NA KIPANDE

Msaada wa kwanza wa mkono ni eksirei. Mashine iliyowekwa kando ya meza humwonyesha daktari mifupa na vyuma vyake papo hapo, kazi ikiendelea. Lakini picha ya eksirei ni kivuli, na kivuli hupoteza kipimo kimoja kati ya vitatu. Ukiishika penseli mbele ya taa, kivuli chake ukutani chaweza kuwa kirefu, kifupi, au kitone tu, kulingana na jinsi ulivyoielekeza. Kadhalika, skrubu yaweza kuonekana imo ndani ya kikonyo ikitazamwa ubavuni, kumbe imo katika mfereji. Ndiyo sababu hupigwa picha za pande mbili, na hata hizo hazitoshi nyakati zote. Tena miali ya eksirei huwapata pia daktari na wauguzi, siku baada ya siku.

Ufumbuzi wa shida ya kivuli ulianza, kwa sehemu, barani Afrika. Mwaka 1956, Allan Cormack, mwalimu wa fizikia wa Chuo Kikuu cha Cape Town, aliombwa kusimamia kazi ya miali katika hospitali ya Groote Schuur. Alijiuliza: ikiwa miali itapitishwa mwilini kutoka pande nyingi, je, hesabu zaweza kuonyesha kilichomo ndani, kipande kwa kipande? Alichapisha jibu lake mwaka 1963 na 1964, na wachache sana walilijali. Huko Uingereza, mhandisi Godfrey Hounsfield aliunda mashine yenyewe bila kutegemea kazi hiyo, na mgonjwa wa kwanza alipigwa picha mwaka 1971 katika hospitali ya Atkinson Morley, London. Mwaka 1979 wote wawili walipewa Tuzo ya Nobel ya tiba. Picha hizo, zinazojulikana kwa herufi CT, huuonyesha mfupa kama mkate uliokatwa vipande vyembamba. Kwa mara ya kwanza iliwezekana kuuona upana wa kila kikonyo kabla ya kukata, na mahali pa kila skrubu baada ya kushona.

KOMPYUTA NA ROBOTI

Kuanzia katikati ya miaka ya 1990, watafiti waliziunganisha picha za CT na mkono wa daktari. Kamera maalumu huangalia viduara vinavyoakisi mwanga, vilivyofungwa kwenye vifaa vya daktari na kwenye pingili ya mgonjwa. Kwa kuwa kamera ina macho mawili, huweza kukadiria umbali, kama sisi tunavyofanya kwa macho yetu. Kompyuta hulinganisha mfupa ulio mezani na ule ulio katika picha, kisha humchorea daktari kwenye kioo njia ambayo chuma chake kinafuata. Roboti huongeza hatua moja: mkono wake wa chuma huenda kwenye pembe iliyopangwa na kuushikilia mrija ambao daktari hutobolea ndani yake.

Yafaa mwanafunzi aelewe kwamba mitambo hii haiuoni mfupa wakati wa kazi. Huviona viduara tu, na kutoka hapo hukisia mfupa uko wapi. Kiduara kikisukumwa kidogo na kiwiko cha mtu, au pingili ikisogea mgonjwa anapovuta pumzi, kioo kitaendelea kuonyesha picha nzuri, iliyo wazi, isiyo ya kweli. Mrija wa roboti nao waweza kuteleza kwenye mteremko wa mfupa kama ncha ya keke inavyoteleza kwenye bomba. Mwaka 2012, Ringel na wenzake huko Ujerumani waliwagawa wagonjwa 60 kwa kura katika makundi mawili. Kundi la mkono mtupu lilipata asilimia 93 ya skrubu zilizokaa vizuri. Kundi la roboti lilipata asilimia 85. Uchunguzi mwingine wa baadaye, kwa roboti zilizoboreshwa, umetoa matokeo mazuri zaidi. Funzo si kwamba roboti haifai. Funzo ni kwamba mtambo mpya hauna budi kupimwa sawasawa na mkono wa mtu.

NENO "SAHIHI" LINA MAANA GANI?

Mwaka 1990, Gertzbein na Robbins walichapisha kazi fupi ambayo imekuwa msingi wa vipimo hivi. Walichunguza kwa picha za CT skrubu 167 za wagonjwa 40, wakapima kila moja imeingia katika mfereji kwa milimita ngapi. Asilimia 81 hazikupita milimita 2. Asilimia 6 ziliingia kati ya milimita 4 na 8, na miongoni mwa wenye skrubu hizo wagonjwa wawili walipata madhara madogo ya neva, ambayo baadaye yaliondoka yenyewe. Tangu hapo watafiti huzipanga skrubu kwa madaraja ya milimita mbili mbili.

Hapo ndipo msomaji anapaswa kuwa macho. Taarifa moja yaweza kuita "sahihi" skrubu isiyogusa ukuta kabisa. Nyingine ikaita hivyo pia ile iliyotoka kwa chini ya milimita 2. Tarakimu za taarifa hizo mbili hazilinganishwi, kama vile alama za mtihani wa mwalimu mkali zisivyolinganishwa na za mwalimu mpole. Tena si kila skrubu iliyotoka humdhuru mgonjwa, na upande ilikotokea una uzito kuliko milimita zenyewe.

Mwaka 2007, Kosmopoulos na Schizas walikusanya taarifa 130 zenye jumla ya skrubu 37,337. Kwa jumla, asilimia 91.3 zilikuwa mahali pake. Zilipotiwa kwa wagonjwa bila kompyuta, thamani ya katikati ya taarifa ilikuwa asilimia 90.3, kwa kompyuta, asilimia 95.2. Tofauti hiyo yaonekana ndogo. Lakini mgonjwa mmoja hupata skrubu nyingi. Tuseme anatiwa 8, na kila moja ni tukio lisilotegemea nyingine. Uwezekano wa zote 8 kukaa sawa ni 0.903 kipeo cha 8, yaani 0.44 hivi, au 0.952 kipeo cha 8, yaani 0.67 hivi. Katika hospitali halisi matukio haya hayako huru kabisa, kwa kuwa daktari ni yule yule na mgongo ni ule ule. Hata hivyo hesabu yatuonyesha kwa nini kuongeza asilimia tano si mzaha.

HALI YA AFRIKA MASHARIKI

Mambo haya si ya nchi za mbali tu. Katika Afrika Mashariki ajali za barabarani, pamoja na kuanguka kutoka juu ya miti na majengo, huvunja migongo ya watu wengi, na wengi wao ni vijana wanaotegemewa na familia. Nchini Tanzania, Taasisi ya Mifupa Muhimbili, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1996, ni miongoni mwa mahali ambapo upasuaji wa kuufunga uti wa mgongo hufanyika. Mitambo ya kamera na roboti ni ghali mno, na inahitaji mafundi na vipuri. Basi je, asiye nayo akate tamaa ya usahihi?

Mfano mmoja kutoka mifupa mirefu unatufundisha vingine. Mfupa wa paja ukivunjika, daktari huweza kupitisha msumari mrefu wa chuma ndani ya uwazi wa uroto, kisha kuukaza kwa skrubu zinazopita katika matundu ya msumari wenyewe. Kuyalenga matundu hayo ndani ya mfupa kwa kawaida huhitaji eksirei ya papo hapo. Mwaka 1999, daktari Lewis Zirkle alianzisha huko Richland, Marekani, shirika la SIGN, ambalo limesambaza msumari usiohitaji mashine hiyo. Nje ya mguu hufungwa mkono wa kulengea, wenye matundu yaliyo sambamba na yale ya msumari, na kifaa chembamba hutumika kulipapasa tundu mpaka kilinase. Hospitali nyingi za Afrika Mashariki zimeutumia.

Njia hiyo yafaulu kwa sababu shabaha yenyewe ilitengenezwa kiwandani, na umbali wake wajulikana. Kikonyo hakikutengenezwa kiwandani. Lakini picha za CT za mgonjwa zikiwapo, yawezekana kuchapa kwa plastiki kiolezo kinachokaa juu ya pingili yake kama kifuniko juu ya chungu chake, kikiwa na mirija miwili iliyoelekezwa kwenye vikonyo viwili. Violezo vya namna hii vimekwisha kutumika katika nchi mbalimbali, navyo havihitaji kamera wala roboti chumbani. Navyo pia, bila shaka, havina budi kupimwa.

JARIBIO LA DARASANI

Mwalimu aweza kuifundisha mada hii bila gharama. Kata vipande 30 vya bua kavu la mhindi, kila kimoja sentimita 6. Vifukie katika matofali ya udongo wa mfinyanzi, kwa pembe mbalimbali, na uache ncha moja tu ya kila kipande ionekane. Andika pembe ya kila kimoja katika daftari. Wanafunzi watumie spoku ya baiskeli iliyosuguliwa ncha mpaka ikawa butu.

Kundi la kwanza lisukume spoku kwa kuhisi tu. Kundi la pili lipewe pembe na kipimapembe, lisukume kwa nguvu moja bila kusita. Kundi la tatu lipewe vyote viwili: pembe, na ruhusa ya kusimama kila linapohisi badiliko. Kisha mwalimu apasue matofali kwa kisu, na kila upotofu upimwe kwa rula. Zipangeni spoku katika madaraja matatu: zilizobaki ndani ya bua, zilizotoka kwa milimita 2 au chini yake, na zilizozidi hapo. Tafuteni asilimia ya kila kundi.

Sharti moja lisivunjwe: anayepima asiwe yule aliyesukuma, wala asijue ni kazi ya kundi gani. Mtu hujipendelea hata asipokusudia. Ndiyo maana katika uchunguzi ulio bora picha za skrubu husomwa na mtu asiyejua zilitiwa na nani wala kwa njia gani.

Mkimaliza, rudieni jaribio wiki ijayo. Huenda mkaona kwamba kundi la kwanza limeboreka kuliko mengine yote, kwa sababu vidole vimejifunza. Huenda mkaona vingine. Kwa vyovyote, mtakuwa na tarakimu zenu mikononi, na mtu akiwaambia kwamba njia fulani ni sahihi kuliko nyingine, mtakuwa mmekwisha kujua la kumwuliza: ni sahihi kwa milimita ngapi, katika skrubu ngapi, na nani aliyepima?